Njia Nne za Kufikisha Fedha za Kunusuru Uchumi kwenye Wilaya za Shule za Marekani: Ulinganisho kwa Anayetakiwa Kuchagua

Uchumi wa Marekani unapoyumba, Bunge la nchi hiyo hupitisha sheria za fedha za dharura, na sehemu ya fedha hizo huelekezwa kwenye shule za umma. Lilifanya hivyo Februari 2009, baada ya mtikisiko wa mabenki, kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Barack Obama. Likafanya hivyo tena mara tatu wakati wa janga la UVIKO-19: Machi 2020, Desemba 2020 na Machi 2021. Sheria hizo tatu za mwisho zilipeleka takriban dola bilioni 190 kwa shule za msingi na sekondari kupitia mfuko mmoja unaojulikana kwa kifupi kama ESSER. Kiasi hicho kimezungumzwa sana. Njia inayopitwa na kila dola kutoka hazina ya Washington hadi kwenye akaunti ya wilaya ya shule haijazungumzwa vya kutosha, ingawa njia hiyo ndiyo inayoamua ni mtoto gani atafikiwa na fedha hizo, na lini.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya yeyote anayetakiwa kupendekeza au kutetea njia mojawapo ya ugawaji: mjumbe wa bodi ya shule, mtumishi wa bajeti wa jimbo, mwanafunzi wa utawala wa umma, au mzazi aliyeitwa kwenye kikao cha maoni. Uchaguzi huo si wa nadharia tu. Agosti 2010, Bunge lilipotenga dola bilioni 10 ili walimu wasiachishwe kazi, sheria yenyewe iliyataka majimbo yachague mojawapo kati ya njia mbili: kugawa kwa kanuni ambayo jimbo hutumia kila mwaka kufadhili shule zake, au kugawa kwa uwiano wa watoto maskini. Fedha zilikuwa zilezile na lengo lilikuwa lilelile, lakini wilaya iliyopata nyingi kwa njia moja ingeweza kupata kidogo kwa nyingine.

Msomaji wa Afrika Mashariki ni vizuri akumbuke kwamba wilaya ya shule ya Marekani si ofisi ya elimu iliyo chini ya mkurugenzi wa halmashauri. Mara nyingi ni mamlaka kamili yenye bodi iliyochaguliwa na wananchi na yenye uwezo wa kutoza kodi ya majengo. Zipo zaidi ya 13,000 nchi nzima, na ukubwa wake hutofautiana mno, maana Hawaii yote ni wilaya moja ilhali majimbo mengine yana mamia. Katika miaka ya kawaida serikali ya shirikisho huchangia takriban asilimia 8 tu ya mapato ya shule za umma, na sehemu kubwa iliyobaki hutoka kwenye kodi za jimbo na za mtaa. Kwa hiyo fedha za kunusuru uchumi zinapokuja, mchangiaji mdogo hugeuka ghafla kuwa mchangiaji mkubwa, na mifereji iliyozoea kupitisha fedha kidogo hulazimika kubeba nyingi.

Vigezo vya kulinganisha

Njia hizi nitazipima kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni kasi, yaani muda unaopita tangu sheria itiwe saini hadi wilaya iweze kulipa mshahara au kununua kifaa. Cha pili ni haki ya mgawo: fedha zinamfuata nani, na hesabu iliyotumika ni ya nani na ya mwaka gani. Cha tatu ni uhuru wa matumizi ambao wilaya inaupata. Cha nne ni uwajibikaji, yaani nani anaamua na mwananchi anaweza kumuuliza wapi. Cha tano ni hali ya wilaya siku fedha zinapokwisha. Kigezo cha pili nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine kwa makusudi, kwa sababu makosa ya kasi au ya masharti yanaweza kurekebishwa katikati ya mwaka, lakini mtoto aliyeachwa nje ya hesabu hana njia ya kuingia tena.

Njia zenyewe kwa ufupi

Njia ya kwanza ni hesabu ya umaskini. Fedha hugawanywa kwa uwiano uleule unaotumika katika mpango wa Title I, ambao tangu mwaka 1965 umekuwa ukisaidia shule zenye watoto wa familia maskini. Hii ndiyo njia ya ESSER: angalau asilimia 90 ya fungu la kila jimbo ilitakiwa iende kwenye wilaya kwa uwiano huo, na idara ya elimu ya jimbo iliruhusiwa kubaki na kiasi kisichozidi asilimia 10.

Njia ya pili ni kanuni ya jimbo lenyewe. Sheria ya 2009 ilianzisha mfuko wa kuimarisha bajeti za majimbo wenye dola bilioni 53.6. Sehemu kubwa ya mfuko huo ilikwenda kwa magavana, na asilimia 81.8 ya walichopewa ilipaswa kurudisha bajeti za shule na za vyuo vya umma kwenye kiwango cha 2008 au 2009. Kwa upande wa shule, fedha zilipita kwenye kanuni ileile ambayo jimbo hutumia kila mwaka. Pale palipobaki ziada, iligawanywa kwa uwiano wa Title I.

Njia ya tatu ni uamuzi wa gavana. Sheria ya Machi 2020 iliwapa magavana dola bilioni 3 wazielekeze kwenye wilaya zilizoathiriwa zaidi na janga, kwenye vyuo, au kwenye taasisi nyingine zinazotoa huduma za elimu. Fungu la kila jimbo lilipatikana kwa hesabu, asilimia 60 kwa idadi ya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 24 na asilimia 40 kwa idadi ya watoto wanaohesabiwa katika Title I, lakini ndani ya jimbo gavana ndiye aliyeamua.

Njia ya nne ni ushindani. Mwaka 2009 zilitengwa dola bilioni 4.35 kwa ajili ya shindano lililoitwa Race to the Top, ambamo majimbo yaliandika maombi yakapewa alama kati ya 500, na yaliyoongoza tu ndiyo yaliyolipwa.

Upo pia mkondo wa elimu maalumu, ambao mwaka 2009 ulipitisha zaidi ya dola bilioni 11 na mwaka 2021 takriban bilioni 3. Sikuuweka kati ya njia nne kwa kuwa unatimiza wajibu mmoja mahususi, ule wa kuwahudumia watoto wenye ulemavu, na hauwezi kuchukua nafasi ya njia nyingine yoyote.

Kasi

Hesabu ya umaskini ina faida moja kubwa hapa: uwiano umekwisha kukokotolewa kabla ya dharura kutokea, kwa hiyo hakuna anayeanza upya kubishana juu ya nani apate ngapi. Sheria ya Machi 2021, iliyotenga dola bilioni 122 kwa mfuko huu, ilitiwa saini tarehe 11. Kufikia tarehe 24 ya mwezi huohuo Wizara ya Elimu ya Marekani ilikuwa imefungua theluthi mbili, yaani dola bilioni 81, huku theluthi iliyobaki ikisubiri mpango wa kila jimbo uidhinishwe. Majimbo nayo yalitakiwa kuzigawa kwa wilaya ndani ya siku 60 kadiri ilivyowezekana.

Hata hivyo, kufunguliwa kwa fedha hakumaanishi kwamba zimefika. Kwa kawaida wilaya huwasilisha maombi kwa jimbo, huidhinishiwa bajeti, hutumia fedha zake yenyewe, kisha hudai kurejeshewa. Wilaya kubwa yenye akiba haisumbuki sana na utaratibu huo. Wilaya ndogo ya shamba yenye mhasibu mmoja inaweza kuwa na mamilioni kwenye karatasi na bado ikashindwa kumlipa mkandarasi wa mwezi huu. Jambo hili halipewi uzito unaostahili, na anayeipendekeza njia hii anapaswa kudai pia utaratibu wa malipo ya awali kwa wilaya zisizo na akiba.

Kanuni ya jimbo nayo ni ya haraka, kwa sababu fedha hupita kwenye mfereji ambao tayari unafanya kazi. Mwaka 2009 jimbo lililoidhinishiwa maombi lilipata asilimia 67 ya fungu lake la elimu ndani ya wiki mbili hivi. Fedha hizo zilifika wilayani zikiwa sehemu ya ruzuku ya kawaida, kiasi kwamba baadhi ya wazazi hawakujua kwamba mshahara wa mwalimu wa mtoto wao ulikuwa unatoka Washington.

Kasi ya gavana hutegemea ofisi yake. Sheria ilimpa mwaka mmoja wa kugawa, na ambacho hakikugawanywa kilirudi serikalini. Ushindani ndio wa mwisho kabisa: sheria ilipita Februari 2009, washindi wawili wa kwanza, Delaware na Tennessee, walitangazwa Machi 2010, na kumi waliofuata Agosti 2010. Mwalimu aliyekuwa ameandikiwa barua ya kuachishwa kazi katika majira ya kuchipua ya 2009 hakuweza kuokolewa na shindano hilo, na kwa kweli halikuundwa kwa ajili hiyo.

Haki ya mgawo: nani anahesabiwa, na lini

Hapa ndipo tofauti zilipo kubwa. Title I huhesabu hasa watoto wa umri wa miaka 5 hadi 17 wanaoishi katika familia maskini, kwa makadirio ya Ofisi ya Sensa, halafu hupitisha hesabu hiyo kwenye ruzuku nne tofauti zinazojumlishwa. Mojawapo huwaendea tu wale wenye umaskini uliokithiri, yaani wilaya yenye watoto maskini zaidi ya 6,500 au ambayo watoto hao wanazidi asilimia 15. Nyingine huongeza uzito kadiri umaskini unavyozidi. Matokeo yake yanaonekana wazi: wilaya ya shule za umma ya Detroit, yenye takriban wanafunzi 50,000, ilipata karibu dola bilioni 1.27 katika awamu tatu za fedha za janga, ilhali vitongoji vyenye kipato kikubwa vilipata kiasi kidogo mno kwa kila mwanafunzi. Kwa wanaoamini kwamba dharura huwaumiza zaidi walioanza nyuma, na mimi ni mmoja wao, hiyo ni hoja nzito.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro ambazo mtetezi wake hana budi kuzijua. Kwanza, ni hesabu ya nyuma. Fedha za Desemba 2020 na Machi 2021 ziligawanywa kwa uwiano wa Title I wa mwaka wa fedha 2020, ambao nao ulitegemea makadirio ya kipato cha mwaka 2018. Familia iliyohamia baada ya hapo, au iliyoporomoka kiuchumi mwaka 2020 wenyewe, haikuwamo. Hili linawagusa moja kwa moja wazungumzaji wa Kiswahili: wakimbizi waliotokea Kongo na kupewa makazi katika miji kama Louisville huingia darasani wiki chache baada ya kushuka kwenye ndege, lakini huingia kwenye makadirio baada ya miaka. Wilaya inayowapokea inatakiwa kuwatafutia mwalimu wa lugha na mkalimani leo, kwa fedha zilizokokotolewa kabla hawajafika.

Pili, hesabu hiyo huzipendelea wilaya kubwa, kwa sababu uzito unaweza kuongezwa kwa kutazama idadi ya watoto maskini badala ya asilimia yao. Wilaya ndogo ambayo nusu ya watoto wake ni maskini inaweza kupata kidogo kwa kila mtoto kuliko wilaya kubwa yenye asilimia ndogo zaidi ya umaskini. Tatu, hesabu hutia ndani matumizi ya jimbo kwa kila mwanafunzi, ndani ya mipaka ya asilimia 80 hadi 120 ya wastani wa taifa. Maana yake ni kwamba mtoto maskini wa Connecticut, jimbo linalotumia fedha nyingi kwa elimu, huvuta dola nyingi kuliko mtoto maskini wa Mississippi. Majimbo madogo nayo yanalindwa kwa kima cha chini, na hilo huinua mgawo wao kwa kila mtoto bila uhusiano na mahitaji.

Ikumbukwe pia kwamba umaskini ulipima mgawo wa wilaya peke yake. Fedha za ESSER zilipokwisha kuingia wilayani, hazikulazimika kubaki katika shule zenye watoto maskini. Bodi iliweza kuzitawanya kwa shule zote. Sheria ya 2021 ilipunguza tatizo hilo kwa kuzuia wilaya kukata bajeti ya shule zake maskini zaidi kwa kiwango kinachozidi zile nyingine, lakini haikuamuru dola imfuate mtoto aliyeifanya ije. Kwa upande wa pili, wilaya zisizopata Title I zilihitaji barakoa na mitambo ya hewa kama wengine. Ile asilimia 10 iliyobaki mikononi mwa jimbo ilitumiwa na baadhi ya majimbo kuzifikia wilaya hizo kwa kima cha chini.

Kanuni ya jimbo ni ya haki kwa kiwango kilekile ambacho jimbo lenyewe ni la haki. Jimbo ambalo tayari huongeza fedha kwa watoto maskini, kwa wanaojifunza Kiingereza na kwa wilaya zenye kodi ndogo ya majengo, hupitisha haki hiyo kwenye fedha za dharura. Jimbo lenye kanuni iliyopinda hupitisha upindaji huo. Faida yake ni kwamba hesabu za wanafunzi wa jimbo kwa kawaida huwa mpya kuliko makadirio ya sensa, kwa hiyo mtoto aliyefika juzi ana nafasi nzuri zaidi ya kuonekana. Hatari yake ni jimbo lenyewe kujitoa. Sheria ya 2009 iliyataka majimbo yasishuke chini ya kiwango chao cha mwaka wa fedha 2006, na kiwango hicho kilikuwa cha chini kiasi cha kuruhusu jimbo kupunguza mchango wake na kuziba nafasi kwa fedha za shirikisho. Wilaya ilipokea fedha mpya kwa jina, ilhali jumla haikuongezeka.

Gavana anaweza kuona kile ambacho hakuna kanuni inayoweza kukiona, kwa mfano bonde lisilo na intaneti kabisa wakati shule zimefungwa. Uwezo huohuo unaweza kupotoka. Huko South Carolina, Gavana Henry McMaster alitaka kutumia dola milioni 32 za fungu lake kulipia karo katika shule binafsi, na Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba mpango huo ulikiuka katiba ya jimbo. Hukumu hiyo ilionyesha kwamba mamlaka ya gavana yana mpaka, lakini pia ilionyesha kwamba mpaka huo huenda ukahitaji kuchorwa mahakamani wakati shule zinasubiri.

Katika ushindani, fedha hufuata ubora wa maombi. New Jersey ilikosa nafasi ya washindi ya Agosti 2010 kwa takriban alama tatu, baada ya kupoteza zaidi ya alama nne kwa sababu ya takwimu za bajeti za miaka isiyotakiwa. Karibu dola milioni 400 ziliponyoka hapo. Texas haikuomba kabisa, kwa uamuzi wa Gavana Rick Perry. Watoto wa majimbo hayo mawili hawakuwa na neno katika maamuzi hayo. Hata hivyo, kwa jimbo lililoshinda, angalau nusu ya tuzo ilipaswa kwenda kwenye wilaya zilizoshiriki kwa uwiano wa Title I, kwa hiyo umaskini ulihesabiwa, ila baada ya mlango kufungwa kwa wengine.

Uhuru wa matumizi

Njia mbili za kwanza zinafanana hapa kuliko inavyodhaniwa. ESSER iliruhusu orodha ndefu sana ya matumizi, kuanzia kompyuta na ushauri nasaha hadi ukarabati wa mifumo ya hewa. Detroit ilielekeza takriban dola milioni 700 kwenye majengo yaliyokuwa yamechakaa kwa miongo. Awamu ya 2021 iliongeza sharti moja kubwa, kwamba wilaya itumie angalau asilimia 20 kufidia masomo yaliyopotea, kwa mbinu zilizothibitishwa na utafiti. Mfuko wa 2009 nao uliipa wilaya wigo mpana, na jimbo halikuruhusiwa kuupunguza. Zile bilioni 10 za Agosti 2010, kinyume chake, zilifungwa kwenye mishahara na marupurupu ya watumishi wa shuleni.

Fedha za gavana huja na masharti aliyoyaweka yeye. Fedha za ushindani ndizo zenye masharti mazito zaidi, kwa kuwa zilikusudiwa kubadili sera: viwango vipya vya masomo, mifumo ya takwimu, na tathmini ya walimu inayozingatia maendeleo ya wanafunzi. Wilaya iliyotaka tu kuziba pengo la mishahara haikupata msaada hapo, na iliyokuwa na mpango wa mageuzi uliokosa fedha ilipata nafasi ambayo njia nyingine zisingeipa.

Uwajibikaji

Katika hesabu ya umaskini anayeulizwa ni bodi ya wilaya, na hilo ni jema kwa sababu ndiyo mamlaka iliyo karibu zaidi na mzazi. Masharti ya 2021 yaliitaka kila wilaya iandae mpango wa matumizi baada ya kushauriana na wanafunzi, familia na watumishi, iutangaze hadharani, na kadiri inavyowezekana iuandike kwa lugha ambayo wazazi wanaielewa, au utafsiriwe kwa mdomo. Mzazi anayezungumza Kiswahili alikuwa na haki ya kudai hilo bila kuomba radhi.

Kanuni ya jimbo hujadiliwa katika bunge la jimbo, mbali kidogo na mzazi lakini mbele ya umma. Uamuzi wa gavana ndio wenye milango michache ya kuingilia, ingawa una mhusika mmoja anayejulikana kwa jina, na kura inaweza kumwajibisha. Ushindani, kwa upande wake, ulikuwa wazi kwa namna ambayo njia nyingine hazikuwa: maombi, alama na maelezo ya watathmini vilichapishwa, na yeyote aliweza kusoma kwa nini jimbo lake lilishindwa.

Fedha zinapokwisha

Fedha zote hizi ni za muda, na kila njia huacha pengo la aina yake. ESSER ilikuwa na tarehe za mwisho za kufunga mikataba: 30 Septemba ya 2022, 2023 na 2024 kwa awamu zake tatu. Wilaya zilizoajiri watumishi wa kudumu kwa fedha hizo zililazimika kuchagua kati ya kuwaachisha na kukata kwingine, na kwa kuwa umaskini ndio uliokuwa kipimo, pengo lilikuwa kubwa zaidi kwenye wilaya maskini zaidi. Utaratibu wa kurejeshewa uliongeza hatari nyingine: tarehe 28 Machi 2025 Waziri wa Elimu Linda McMahon alifuta muda wa nyongeza ambao majimbo yalikuwa yameruhusiwa kulipia mikataba iliyokwisha kufungwa, na baadhi ya majimbo yakaenda mahakamani.

Mfuko wa 2009 uliisha Septemba 2011 kabla mapato ya majimbo mengi hayajapona, kwa hiyo pengo liliangukia bajeti nzima ya jimbo. Fedha za gavana huacha pengo dogo kwa sababu kiasi chenyewe ni kidogo. Ushindani huacha kitu kingine: fedha huisha lakini wajibu unabaki, maana mfumo wa tathmini au wa takwimu ulioanzishwa kwa tuzo unahitaji kuendeshwa tuzo ikishakwisha.

Njia ipi inamfaa nani

Ikiwa tatizo ni kwamba mapato ya jimbo yameporomoka na barua za kuwaachisha walimu ziko tayari, kanuni ya jimbo inafaa zaidi, kwa sharti kwamba kiwango cha chini cha mchango wa jimbo kiwe cha mwaka wa karibuni wala kisiwe cha miaka mitatu nyuma. Bila sharti hilo, singeipendekeza hata kwa jimbo lenye kanuni nzuri.

Ikiwa dharura imewaumiza zaidi watoto wa familia maskini, kama ilivyokuwa shule zilipofungwa, hesabu ya umaskini ina nguvu zaidi. Anayeichagua aongeze mambo mawili: malipo ya awali kwa wilaya ndogo, na akiba ya jimbo inayogawanywa kwa idadi ya wanafunzi wa mwaka huohuo ili wilaya zinazopokea wageni wengi zisisubiri sensa. Wilaya ndogo za mashambani zenye umaskini mkubwa ziangalie kwanza mgawo wao kwa kila mtoto kabla ya kuiunga mkono, kwa kuwa huenda kanuni ya jimbo lao ikawapa zaidi.

Ikiwa mahitaji ni ya mahali pamoja na hayajulikani mapema, kwa mfano eneo lisilo na mtandao au lililokumbwa na mafuriko katikati ya janga jingine, fungu dogo mikononi mwa gavana lina maana, likiwa na orodha ya walengwa iliyotajwa na sheria na tarehe ya kutangaza hadharani kilichotolewa. Ikiwa lengo ni kubadili namna shule zinavyofanya kazi, na hakuna mshahara unaosubiri kulipwa, ushindani unaweza kutetewa, hasa kwa wilaya zenye watumishi wa kuandika maombi. Wilaya zisizo na watumishi hao zidai msaada wa uandishi kabla shindano halijafunguliwa, au ziombe kwa pamoja.

Mjumbe wa bodi au mzazi ambaye hana sauti Washington bado ana uchaguzi wa kufanya, kwa sababu uamuzi huohuo hujirudia ndani ya wilaya: bodi nayo inagawa fedha kwa shule kwa hesabu fulani. Aulize kwenye kikao cha bajeti ni hesabu gani iliyotumika, ni ya mwezi na mwaka gani, na shule ya mtoto wake ingepata kiasi gani kama ingetumika hesabu nyingine. Aombe majibu kwa maandishi, na kwa Kiswahili ikiwa ndiyo lugha anayoisoma vizuri, kabla bodi haijapiga kura.